Husnah Kukundakwe na Safari ya Mtoto Kutoka Uani Hadi Bwawani

Mazungumzo kwa wakazi wa Kariakoo, Gerezani, Jangwani, Mchikichini na kata jirani za katikati ya Jiji



Mazungumzo haya yanaanza na msichana wa nchi jirani. Husnah Kukundakwe ni Mganda aliyezaliwa tarehe 25 Machi 2007. Alizaliwa bila sehemu ya chini ya mkono wa kulia, na kiganja chake cha kushoto nacho kina kasoro ya kuzaliwa. Michezo ya Paralimpiki ilipofanyika mjini Tokyo kati ya tarehe 24 Agosti na 5 Septemba 2021, baada ya kuahirishwa mwaka mzima kwa sababu ya UVIKO-19, Husnah alikuwa na umri wa miaka 14. Wanamichezo takribani 4,400 walikusanyika huko kutoka pande zote za dunia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mdogo kuliko yeye. Aliogelea mita 100 kwa mtindo wa chura, mbele ya viti vitupu, kwa kuwa watazamaji hawakuruhusiwa. Hakurudi Uganda na medali. Lakini alikuwa ametazamwa na ulimwengu akiwa na mikono wazi, na kwa binti huyo hilo halikuwa jambo dogo.

Husnah mwenyewe amewahi kueleza hadharani kwamba kabla ya kuingia katika mchezo huu alikuwa akivaa sweta ili watu wasiuone mkono wake. Kampala iko juu ya mwinuko, na asubuhi zake zina ubaridi kidogo. Hata hivyo sweta lile halikuvaliwa kwa ajili ya baridi. Wakazi wa Kariakoo hawahitaji maelezo marefu kulielewa jambo hili. Hapa, katika joto la Februari ambalo hata muuza maji hulilalamikia, yupo mtoto anayepitishwa mtaani akiwa amefunikwa kanga kutoka begani hadi vidoleni. Yupo na mwingine asiyepitishwa kabisa, ambaye wageni wakibisha hodi yeye huingizwa chumba cha uani mpaka waondoke. Wazazi wa watoto hao si wakatili. Wengi wao wamechoka kuulizwa maswali, wamechoka kusikia neno mkosi likinong'onwa dukani, na wameona kificho ni nafuu kuliko aibu.

Bwawani hakuna pa kujificha. Anayeogelea huvua nguo za kutembelea, hubaki na vazi la kuogelea na kofia, na mwili wake huonekana ulivyo. Jambo hilo humtisha mtu mzima, sembuse mtoto. Na hapo ndipo palipomponyesha Husnah, kwa maneno yake mwenyewe: alipofika mashindanoni alikuta wenzake, wengine wakiwa na ulemavu mkubwa kuliko wake, wakitembea kando ya bwawa bila kujifunika. Mwaka 2019, akiwa na miaka 12, alikuwa tayari amefika London katika mashindano ya dunia ya waogeleaji wenye ulemavu. Mtoto aliyezoea kuwa peke yake shuleni mwenye mkono wa namna ile alijikuta ni mmoja kati ya mamia.

Inafaa kueleza jinsi mchezo huu unavyoendeshwa, maana wengi hudhani ni kuogelea kwa kuhurumiana. Waogeleaji hugawanywa kwa madaraja. Daraja la S1 hadi S10 ni la wenye ulemavu wa viungo. Namba ikiwa ndogo, ulemavu ni mkubwa zaidi. S11 hadi S13 ni la wasioona na wenye uoni hafifu, na S14 ni la wenye ulemavu wa akili. Mtindo wa chura una madaraja yake yenye herufi SB, kwa sababu katika mtindo huo miguu hufanya kazi kubwa kuliko katika mitindo mingine, na mtu anayepungukiwa mkono hapotezi kiasi kile kile anachopoteza katika mtindo huru. Husnah hushindana katika daraja la SB8 kwa mtindo wa chura na S9 kwa mtindo huru. Hakuna anayejipangia daraja. Wataalamu wawili au zaidi humpima muogeleaji nguvu za misuli na mwendo wa viungo akiwa nchi kavu, kisha humtazama akiogelea, kisha humtazama tena akiwa mashindanoni. Anayejifanya dhaifu ili ashindane na walio dhaifu kuliko yeye anaweza kuadhibiwa.

Miguu ya bandia na mikono ya bandia huachwa ukingoni. Wapo wanaoanza kwa kuruka kutoka kwenye kijukwaa, wapo wanaoanza wakiwa wamekaa, na wapo wanaoanzia ndani ya maji wakishikilia ukuta. Asiyeona wa daraja la S11 huvaa miwani ya kuogelea iliyotiwa weusi, ili aliye na chembe ya nuru asimzidi asiye na nuru kabisa. Anapokaribia ukuta, msaidizi wake aliyesimama juu humgusa kwa fimbo ndefu yenye kifundo laini mwishoni, ili ajue kwamba ni wakati wa kugeuka. Kosa la nusu sekunde katika mguso huo humfanya muogeleaji agonge kichwa au apoteze mbio. Kazi hiyo ya kugusa hufundishwa na hufanyiwa mazoezi kama kuogelea kwenyewe.

Sheria za mtindo wa chura zinadai muogeleaji aguse ukuta kwa mikono yote miwili kwa wakati mmoja. Je, mwenye mkono mmoja mfupi? Kanuni zinasema anyooshe mikono yote miwili mbele kwa pamoja, na mkono mrefu ndio uguse. Sentensi hiyo moja ya kanuni ina busara nyingi. Haimwambii aguse kwa kitu asichokuwa nacho, wala haimsamehe kunyoosha kile alicho nacho. Kama madarasa, ofisi na milango ya maduka ingepangwa kwa fikra ya namna hiyo, mazungumzo haya yangekuwa mafupi.

Tatizo la mwili wenye mkono mmoja mfupi majini ni mizani. Mkono mzima ukivuta maji, mwili hutaka kupinda kuelekea upande mmoja, na muogeleaji hulazimika kuurudisha katika mstari kwa misuli ya kiuno na kwa pigo la miguu. Kwa hiyo anayemtazama Husnah na kusema kwamba anaogelea kwa mkono mmoja na nusu amekosea hesabu. Anaogelea kwa kiuno, kwa miguu na kwa pumzi, mikono inafuata. Mazoezi ya kujenga mizani hiyo huchukua miaka, si wiki, na yanadai bwawa lile lile, saa zile zile, mara kadhaa kila wiki.

Hapo ndipo ugumu wa Afrika Mashariki unapojitokeza. Mbio za Paralimpiki huogelewa katika bwawa la urefu wa mita 50. Mita 100 katika bwawa hilo ni kwenda na kurudi, yaani kugeuka mara moja tu. Katika bwawa la mita 25, mbio hizo hizo zina kugeuka mara tatu, na kila mara muogeleaji hujisukuma ukutani kwa miguu na kupata mwendo wa bure. Aliyezoea bwawa fupi akipelekwa kwenye bwawa refu hushangaa kuona ukuta hauji. Katika ukanda huu mabwawa marefu ni ya kuhesabika, na waogeleaji wengi hukulia katika mabwawa mafupi. Zaidi ya hayo, nyumbani kwao Husnah alilazimika mara nyingi kushindana na watoto wasio na ulemavu, kwa kuwa wa daraja lake hawakuwapo. Na alipokuwa Tokyo, shule za Uganda zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya janga. Hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Mama yake amekuwa mtetezi wake wa hadharani muda wote huo. Pasipo mtu mzima mmoja aliyeamua kwamba mtoto huyu ataingia majini leo na kesho na keshokutwa, mkasa huu usingekuwapo.

Bara la Afrika limewahi kutoa mfano mwingine unaostahili kukumbukwa. Natalie du Toit wa Cape Town alikuwa muogeleaji chipukizi mwenye viungo vyote. Mwezi Februari 2001, akiwa na miaka 17, akitoka mazoezini kwa pikipiki ndogo, aligongwa na gari na akapoteza mguu wa kushoto. Mwaka uliofuata, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Manchester, aliingia fainali ya mita 800 akishindana na wasio na ulemavu. Mwaka 2008 mjini Beijing aliogelea kilomita 10 katika Olimpiki yenyewe, bila mguu wa bandia, akawa wa 16. Baada ya wiki chache akashiriki pia Paralimpiki. Alistaafu akiwa na medali 13 za dhahabu za Paralimpiki. Hizo ni nyingi mno, lakini Trischa Zorn wa Marekani, aliyezaliwa asiyeona, alikusanya dhahabu 41 kati ya mwaka 1980 na 2004. Hakuna mwanamichezo wa Paralimpiki, wa mchezo wowote, aliyemfikia.

Wakazi wakisikia habari za namna hii husema, kwa nia njema, kwamba watu hawa ni majasiri. Sifa hiyo si mbaya, ila ina hila ndani yake. Ukisema Husnah amefika Tokyo kwa ujasiri, umesema pia, bila kutamka, kwamba mtoto wa Mtaa wa Sikukuu ambaye hakufika popote amepungukiwa na ujasiri. Si kweli. Mtoto anayepanda ngazi za ghorofa nne kwa mikono kila siku kwenda chumbani kwao ana ujasiri wa kutosha na wa kubakiza. Anachokosa kinaweza kuhesabiwa kwa vidole: bwawa la kuingia, mwalimu anayekubali kumpokea, nauli ya watu wawili, na mtu mzima mwenye saa mbili za mchana.

Kutoka Sokoni Kariakoo hadi ufukwe wa Kivukoni ni mwendo wa kama kilomita 2 au 3. Jiji hili lilizaliwa baharini na linaishi kwa bahari, na bado wakazi wengi wa katikati ya Jiji hawajui kuogelea. Siku za Jumapili vijana hujaa Coco Beach, wakikodi tyubu za matairi na kuelea kiunoni mwa maji. Bahari ni mwalimu mzuri kwa mwenye miguu imara na rafiki wa kumshika. Kwa mtoto asiyeona au mwenye udhaifu wa viungo, mawimbi, mashimo ya mchanga na maji yanayojaa na kupwa si mahali pa kuanzia. Anahitaji maji yaliyotulia, kina kinachojulikana, na ukingo wa kushika. Maji ya namna hiyo yapo Dar es Salaam, lakini mengi yamo ndani ya hoteli, klabu na shule za kulipia, upande wa Upanga, Oysterbay na Masaki. Ndiyo maana waogeleaji wengi wa Tanzania wanaosikika kimataifa wametoka katika shule na klabu za namna hiyo. Paris mwaka 2024, Collins Saliboko na Sophia Latiff waliogelea katika Olimpiki kwa jina la Tanzania, na ni fahari ya nchi. Lakini njia waliyopita haijapita Kariakoo bado.

Na si kwamba Kariakoo haina watoto wa kuipita. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, ambayo wakazi wote wa hapa wanaijua, imekuwa kwa miaka mingi ikiwafundisha pamoja watoto wasio na ulemavu, wasioona, wenye uoni hafifu, wenye ualbino na wenye ulemavu wa akili. Buguruni ipo shule ya viziwi. Upande wa Temeke, Mgulani, ipo Matumaini ya Jeshi la Wokovu kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Katika mashindano ya UMITASHUMTA, watoto wa shule za namna hii wamekuwa wakishindana riadha na mpira wa goli, ule unaochezwa na wasioona kwa kufuata mlio wa kengele iliyomo ndani ya mpira. Pale Kidongo Chekundu, uwanja wa vijana wa JMK uliofunguliwa mwaka 2015 umewapa watoto wa Gerezani na Kariakoo mahali pa soka, mpira wa kikapu na magongo. Kilichokosekana katika orodha hiyo yote ni maji.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawajaambiwa. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu, na uoni huo ukipimwa anaweza kustahili daraja la S12 au S13. Yaani mtoto ambaye mtaani anaonekana tatizo lake ni ngozi tu, katika mchezo huu anaweza kuwa na nafasi halali ya kushindana. Atahitaji bwawa lenye paa, au saa za asubuhi na jioni jua linapokuwa dogo, pamoja na mafuta ya kukinga ngozi na vazi la mikono mirefu. Kiziwi, kwa upande wake, hashindani Paralimpiki kwa sababu ya uziwi wake. Wao wana michezo yao ya dunia, iliyoanza mjini Paris mwaka 1924, ambamo muogeleaji huanza mbio kwa kuona taa badala ya kusikia mlio. Kila aina ya ulemavu ina mlango wake, na mzazi akibisha mlango usio wake atarudi nyumbani akidhani mtoto amekataliwa.

Safari kutoka uani hadi bwawani, kwa mtoto wa hapa, ina vikwazo ambavyo ramani haivionyeshi. Chumba kiko ghorofani na lifti haifanyi kazi au haikuwekwa. Chini, njia ya waenda kwa miguu imepangwa viatu, sufuria na mitumba, na kiti cha magurudumu hulazimika kuteremka barabarani kati ya bajaji na mkokoteni. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi Mei 2016, yana sifa moja ambayo haisemwi vya kutosha: sakafu ya basi na ya kituo ziko usawa mmoja, na kituo kina mteremko wa kupandia. Mwenye kiti cha magurudumu akifika kituoni anaweza kuingia. Shida ni ile hatua ya kutoka mlangoni hadi kituoni, na saa za msongamano ambazo hata mwenye miguu miwili hupanda kwa kusukumwa. Mfanyabiashara anayesogeza meza yake nusu mita nyuma asubuhi hajui kwamba huenda amemfungulia njia muogeleaji. Basi ajue.

Wazazi wana hofu, na hofu yao ina msingi. Maji huua. Mto Msimbazi umewahi kuwafundisha watu wa Jangwani somo hilo kwa ukali, hasa katika mafuriko ya Desemba 2011, ambayo baada yake familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande. Lakini fikiria ni nani aliye hatarini zaidi maji yanapopanda usiku: ni yule asiyeweza kukimbia, asiyeona njia, asiyesikia makelele ya majirani. Mtoto huyo akijua kulala chali juu ya maji na kupumua bila kuhangaika, amepata dakika kadhaa za kuokolewa. Kuogelea kwake ni mchezo, na kabla ya kuwa mchezo ni kinga ya uhai. Mafunzo ya kweli huanzia hapo, kwa kupuliza mapovu na kuelea, wala si kwa mbio. Mtoto mwenye kifafa asiingie majini kabla daktari hajasema na kabla hajapata msimamizi wa kumtazama yeye peke yake. Wengine pia wapimwe kwanza. Hospitali za Jiji zina wataalamu wa viungo na wa macho wanaoweza kuandika cheti cha hali ya mtoto, na cheti hicho kitahitajika tena baadaye akifika ngazi ya kupangiwa daraja.

Wapo pia wazazi wanaouliza kuhusu stara ya binti zao. Swali hilo ni la heshima na lina jibu. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima, wakifundishwa na wanawake wenzao. Kijiji kizima cha wavuvi kilikuwa na wasichana wasiojua kuogelea, na lililowazuia halikuwa dini. Hakukuwa na vazi wala mwalimu wa kike. Vilipopatikana, waliingia majini.

Kwa upande wa sheria, mtoto wa Kariakoo haombi hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 30 ya mkataba huo inataka watoto wenye ulemavu washiriki sawa na wenzao katika michezo na burudani, ikiwamo michezo ya shuleni. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, ambayo pamoja na mengine inataka kamati za watu wenye ulemavu ziwepo kuanzia ngazi ya mtaa. Mkazi anaweza kuuliza katika mkutano wa mtaa kama kamati hiyo ipo, nani wamo, na mara ya mwisho ilikaa lini. Hilo ni swali la kawaida kabisa, halina uchochezi ndani yake.

Angalizo moja kuhusu fedha. Sehemu ya asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, ni mikopo kwa shughuli za kuzalisha kipato. Si fungu la michezo, na mzazi asiahidiwe kwamba litamlipia mtoto bwawa. Linaloweza kumsaidia ni kuwa na genge au cherehani itakayomwachia saa mbili za mchana, na huo tayari ni msaada wa maana.

Husnah hakuishia Tokyo. Mwaka 2022 alishiriki Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, na mwaka 2024 alirudi tena Paralimpiki, safari hii mjini Paris, akiwa na miaka 17 na si mtoto tena kati ya watu wazima. Shabaha yake ni medali. Michezo ijayo itafanyika Los Angeles mwezi Agosti 2028, na atakuwa na miaka 21, umri ambao misuli ya muogeleaji imekomaa na akili imetulia. Anaweza kuipata, anaweza kuikosa. Wanaoshindana naye wamekulia kwenye mabwawa ya mita 50 yaliyo karibu na nyumbani kwao. Tanzania nayo imekuwa ikituma wanamichezo Paralimpiki tangu Barcelona mwaka 1992, wachache mno kila mara, na wanaokumbukwa zaidi ni wa riadha. Mtoto wa miaka 7 aliyeko leo darasa la kwanza hapo Uhuru Mchanganyiko atakuwa na umri wa Husnah wa Tokyo baada ya miaka 7. Ni muda wa kutosha kama utaanza sasa, na hautoshi kama mwaka huu utapita.

Kwa hiyo, mzazi au mlezi anayetaka kuanza na aanzie ofisi ya serikali ya mtaa, amwandikishe mtoto kwa jina, umri na aina ya ulemavu. Orodha ya mtaa ikifika kwa mtendaji wa kata, afisa ustawi wa jamii anajua aende nyumba ipi, na afisa michezo wa Halmashauri anajua anazungumzia watoto wangapi anapokwenda kuomba. Hoteli au shule yenye bwawa ikiombwa kuwasaidia walemavu kwa jumla hujibu kwa upole na kusahau. Ikiombwa saa moja, Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa 2 asubuhi wakati bwawa halina wateja, kwa ajili ya watoto 9 wenye vyeti vya daktari, walezi 9, na mwalimu mmoja anayejulikana na chama cha kuogelea, inalazimika kujibu ndiyo au hapana. Wajumbe wa mitaa waliopo wana daftari. Wazazi waliokuja na watoto wanaweza kuandikisha majina kabla ya kuondoka, na wale ambao watoto wao wamebaki nyumbani waandikishe pia.